Nishani zangu za Iraki hazimo kwenye DD 214. Je, nimechelewa?

*"Shikamoo mzee. Nilijiunga na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2008, nikawa dereva wa malori katika kombania ya usafirishaji. Uraia niliupata nikiwa jeshini, na siku ya kiapo nilipanga upya majina yangu. Tulifika Iraki Novemba 2009, tukaondoka Oktoba 2010. Machi 2010 msafara wetu ulipigwa na bomu la kutegwa kando ya barabara. Lori halikupinduka, lakini sajenti niliyekuwa naye anasema nilizirai. Tabibu wa kikosi alinitazama, nikapumzishwa siku kadhaa, nikarudi barabarani. Kapteni alituambia ameniandikia nishani ya pongezi na beji ya mapigano. Nilitoka jeshini 2012 kwa heshima. DD 214 yangu, ile karatasi ya kuagia jeshi, haina nishani ya pongezi, haina beji, haina hata nishani ya kampeni ya Iraki. Mmoja kaniambia muda wa kudai ulishapita, mwingine kwamba mafaili yaliungua St. Louis, wa tatu kwamba bila mbunge sifiki popote. Naogopa pia nikianza kuchokonoa karatasi nitajiharibia uraia. Je, Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, nastahili? Nishani za Iraki nilizinunua dukani, zipo kwenye fremu sebuleni, na kila mgeni akiuliza nabadilisha mazungumzo."*

Marahaba, mdogo wangu. Nimekusoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye ile fremu. Kinachokusumbua si kipande cha chuma na utepe. Unataka kujua kama jeshi lilitazama ulichokifanya likaona hakitoshi, au kuna karatasi iliyoishia njiani. Nimekaa na karatasi hizi miaka mingi, kwanza nikiwa karani wa kombania, baadaye nikiwasaidia askari wa zamani kuandika maombi yao. Mara nyingi mno ni karatasi iliyoishia njiani. Ila vitu vinne unavyoviuliza havifanani hata kidogo. Kimoja ni chako tayari, viwili vinahitaji kutafutwa, na kimoja ni kigumu. Ukivipeleka vyote katika barua moja yenye uchungu, kile kigumu kitavichelewesha vingine.

Kwanza uelewe DD 214 ni kitu gani. Wengi wanaiona kama hukumu ya mwisho juu ya utumishi wao, kumbe ni muhtasari. Uliandikwa siku zako za mwisho na karani wa kituo cha kuagia ambaye hakuwa nawe Iraki na hakuwahi kumwona kapteni wako. Alichokuwa nacho ni faili lako la kielektroniki kama lilivyokuwa siku hiyo. Kilichokuwamo alikinakili, kisichokuwamo hakukiandika. Hakukuwa na kikao kilichokujadili.

Sasa tazama nishani inavyosafiri. Kapteni anajaza pendekezo kwenye fomu ya DA 638. Fomu inapanda kwa wakubwa wake hadi kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Akiidhinisha, inapewa namba ya amri, cheti kinachapishwa, na nakala ya amri inapaswa kuingizwa katika faili lako. Kila hatua kuna mtu mwenye kazi nyingine ishirini, na vikosi vinavyorudi kutoka vitani huwa katika vurugu ya kuhama: makamanda wanabadilishana, makarani wanahamishwa, vifaa viko baharini. Niliwahi kufungua kontena la kombania yangu miezi minne baada ya kurudi, nikakuta jalada la kijani chini ya sanduku la nyaya za redio. Ndani mlikuwa na mapendekezo kumi na moja ya nishani. Mengine yalishasainiwa lakini hayakuwa na namba ya amri. Watatu kati ya waliotajwa humo walikuwa wameshaaga jeshi, na DD 214 zao zimeshatolewa. Wawili tulifanikiwa kuwarekebishia. Wa tatu hakupatikana kwa simu wala kwa barua, na sijui kama anajua hadi leo kwamba aliandikiwa. Kwa hiyo unaposema kapteni alikuahidi na karatasi haipo, mimi sioni sababu ya kumwita mwongo, yeye wala wewe.

Nizijibu hofu zako kabla ya kwenda mbele.

Moto wa St. Louis ni kweli, ila haukuhusu. Uliwaka tarehe 12 Julai 1973 katika kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Walioumia zaidi ni askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, pamoja na sehemu kubwa ya wa jeshi la anga walioachishwa kati ya 1947 na mwanzo wa 1964. Faili lako lilifunguliwa miaka 35 baadaye, tena kwenye kompyuta. Anayekujibu kwamba yako yaliungua hajatazama.

Muda nao umeelezwa vibaya. Sheria inasema ombi kwa bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi lipelekwe ndani ya miaka 3 tangu ugundue kosa. Sheria hiyohiyo inairuhusu bodi kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo, na bodi huusamehe mara kwa mara pale kumbukumbu zenyewe zinapoonyesha kosa. Eleza kwa ukweli kwa nini umechelewa: hukujua njia, uliambiwa mafaili yameungua. Tena bodi siyo mlango wako wa kwanza, na kwa nishani ambayo faili lako lenyewe linaonyesha unastahili, mlango wa kwanza haufungwi kwa miaka hiyo mitatu.

Uraia: najua hofu hii inakotoka, na si ya kijinga. Aliyepata uraia kwa njia ya utumishi wa kijeshi anaweza kunyang'anywa ikiwa aliondolewa jeshini kwa namna isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Wewe ulitoka kwa heshima. Kuomba kumbukumbu zako zirekebishwe ni haki uliyopewa na sheria, na mamilioni ya raia waliozaliwa Marekani wanayo hiyohiyo. Humshtaki mtu. Ila usiandike jambo usilolijua kana kwamba unalijua, maana fomu unasaini chini ya sheria ya adhabu kwa maelezo ya uongo. Hapo tu ndipo penye hatari.

Suala la mbunge nitalirudia likifika mahali pake.

Sasa chukua DD 214 yako uiweke mezani. Kisanduku cha 13 ndicho cha nishani: vifupi vya majina vilivyotenganishwa na mikwaju miwili, mwisho maneno ya kusema hakuna kinachofuata. Hapo ndipo umekuwa ukipatazama miaka yote. Shusha macho hadi kisanduku cha 18, cha maelezo mengine. Tafuta mstari unaosema ulitumikia Iraki, na tarehe mbili za tarakimu nane nane, mwaka ukitangulia. Nimewaona watu waliokaa na karatasi hii kabatini miaka kumi bila kusoma kisanduku hicho. Kama mstari upo, nishani ya kampeni ya Iraki imekwisha: jeshi lenyewe limeandika kwamba ulikuwa huko, na sharti ni siku 30 mfululizo, au 60 zisizo mfululizo. Wewe una karibu mwaka mzima.

Tena dai kamili. Nishani hiyo huvaliwa na nyota ndogo za shaba, moja kwa kila awamu ya kampeni uliyoshiriki. Awamu moja ilianza 1 Januari 2009 ikaisha 31 Agosti 2010, inayofuata ikaanza kesho yake, 1 Septemba 2010. Uliondoka Oktoba, kwa hiyo umegusa zote mbili. Ni nyota mbili.

Kama mstari wa Iraki haupo, usikate tamaa. Tafuta slipu zako za mshahara za 2009 na 2010. Aliyekuwa Iraki wakati huo alilipwa posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi, na mshahara wake haukukatwa kodi ya mapato ya shirikisho. Slipu inaonyesha yote mawili mwezi kwa mwezi, na hakuna anayemlipa mtu posho ya Iraki akiwa amelala Kentucky. Kuna mama aliyeniletea slipu za marehemu mumewe zikiwa zimekunjwa mara nne ndani ya kava la pasipoti, wino umefifia kwenye mikunjo, lakini neno la posho na kiasi vilisomeka. Zilitosha.

Ukiwa hapo hapo, angalia vingine ambavyo hukuviuliza. Askari wa vyeo vya chini aliyetumikia miaka 3 mfululizo bila doa hustahili nishani ya mwenendo mwema, na wewe ulitumikia minne; je, ipo? Angalia pia tuzo za kikosi. Kombania yako inaweza kuwa ilitunukiwa kwa kazi ya mwaka ule, na amri ya tuzo kama hiyo mara nyingine hutoka miaka kadhaa baadaye, wengi wakiwa wameshatoka. Tuzo hiyo ni ya kila aliyekuwamo kikosini siku zile.

Nishani ya pongezi ni habari nyingine. Hii haitokani na kuwapo mahali, inatokana na amri. Bila amri iliyosainiwa, hakuna nishani, hata kama kapteni aliitangaza mbele ya gwaride. Kwa hiyo unatafuta mojawapo ya vitu hivi: amri yenye namba, cheti chenye namba ya amri, au DA 638 yenye saini ya aliyeidhinisha. Ukipata kimoja, kazi ni ya ukarani tu. Ukipata DA 638 iliyosainiwa na kapteni lakini haikufika juu, una pendekezo lililopotea, nalo linaweza kufufuliwa. Na usipopata chochote, mtafute kapteni mwenyewe. Watu hawa hutunza nakala kuliko unavyodhani, hasa kwenye barua pepe za zamani na kompyuta zilizostaafu.

Hapa ndipo mbunge anapoingia. Jeshi lina ukomo wa kupokea mapendekezo ya nishani, na wako umepita. Kuna kifungu cha sheria, cha 1130 katika sheria za majeshi, kinachomruhusu mbunge au seneta kuomba pendekezo lililochelewa litazamwe kwa uzito wake. Anachofanya ni kufungua mlango wa muda tu, na nishani hatoi yeye. Pendekezo lenyewe linahitaji kuandikwa na mtu aliyekuwa kwenye mlolongo wa amri au aliyeona tukio, pamoja na maelezo ya walioshuhudia. Kumwandikia mbunge kabla hujapata hayo ni kumpa bahasha tupu. Kwa nishani ya kampeni humhitaji kabisa.

Beji ya mapigano iko katikati. Ilianzishwa 2005 na inawahusu waliotumikia tangu 18 Septemba 2001, kwa askari wasio wa vikosi vya miguu, kama wewe dereva. Anayeistahili ni aliyekuwapo mwenyewe, akishambulia au akishambuliwa na adui, na akafanya kazi yake ipasavyo. Kusikia mlipuko kambini kwa mbali hakutoshi. Lori lililo ndani ya msafara uliopigwa ni jambo jingine. Ombi lako litahitaji amri ya kupelekwa Iraki, maelezo mafupi ya tukio, na maelezo ya watu walioona kwa macho. Sajenti wako ni shahidi wa kwanza. Tafuta na wa pili, dereva wa gari lililofuata au aliyekuwa kwenye bunduki ya juu. Kama daftari la matukio la kikosi la siku ile likipatikana, lenye saa na mahali, hilo lina uzito kuliko barua tano za marafiki.

Sasa Purple Heart. Hapa nitaenda polepole, maana ndipo watu wanapoumizwa mara ya pili.

Masharti ni haya: jeraha, lililosababishwa na adui, lililohitaji kutibiwa na mhudumu wa afya, na matibabu hayo yakaandikwa katika kumbukumbu rasmi. Kwako mawili ya kwanza hayana mjadala mkubwa, bomu la kutegwa ni kazi ya adui. Mzigo uko kwenye mawili ya mwisho. Kwa muda mrefu mtikisiko wa ubongo ulikuwa ukikataliwa kwa sababu hauna damu. Mwaka 2011 Idara ya Ulinzi ilifafanua vigezo na kuruhusu viangaliwe hadi nyuma, Septemba 2001. Mtikisiko unahesabika kama ulisababisha kupoteza fahamu, au kama dalili zake zilifanya uzuiwe kurudi kwenye kazi kamili kwa zaidi ya saa 48.

Soma tena ulichoniandikia: ulizirai, na ukapumzishwa siku kadhaa. Kwa maneno yako mwenyewe umegusa vigezo vyote viwili. Lakini maneno yako, na hata ya sajenti, hayatoshi kusimama peke yake. Wanatafuta karatasi ya siku zile. Ipo wapi? Kuna kikaratasi cha mgonjwa, DD 689, ambacho tabibu hukiandika akikuelekeza kupumzika, kikitaja saa ngapi au siku ngapi. Kuna kumbukumbu za kliniki ya kambi. Kuna karatasi moja ambayo karibu kila mtu huisahau: DD 2796, dodoso la afya ulilolijaza wakati wa kurudi kutoka Iraki. Linauliza kama ulikuwa karibu na mlipuko, kama ulipoteza fahamu, kama kichwa kinauma. Ulijibu ukiwa umechoka, ukitaka kwenda nyumbani. Kama ulitia alama kwenye ndiyo, hiyo ni sauti yako ya 2010, kabla hujawa na sababu yoyote ya kudai kitu, na watazamaji huithamini kwa sababu hiyo. Kama ulitia hapana ili usicheleweshwe, hukuwa peke yako. Waeleze hivyo, ila ujue itakuumiza.

Vitu vingine visikuchanganye. Mlio wa masikioni na msongo unaotokana na kiwewe, hata vikiwa vikali, havitoi Purple Heart kwa masharti ya jeshi. Na kama VA, idara ya maveterani, imekupa asilimia za ulemavu kwa jeraha la ubongo, jeshi haliitumii kama uthibitisho kamili. VA inajibu swali la kama tatizo linatokana na utumishi, jeshi linauliza kama siku ile ulitibiwa kwa jeraha la adui na ikaandikwa. Mtu anaweza kushinda kule akashindwa huku, naye si mwongo popote.

Je, kuna faida? Kwa nishani ya kampeni na ya pongezi, fidia yako ya VA haiongezeki hata senti moja. Beji ya mapigano na Purple Heart zinasaidia kuthibitisha kwamba ulikuwa vitani, na aliyepigana husadikiwa zaidi anapoeleza kilichompata huko. Purple Heart ina zaidi: inakupandisha katika kipaumbele cha matibabu ya VA, na tangu Agosti 2018 aliyetunukiwa akatoka kwa heshima anapata kiwango kamili cha mafao ya masomo ya waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001. Kwa sababu hiyohiyo hutazamwa kwa ukali.

Njia ya kwenda ni hii. Usianze na fomu ya malalamiko, anza na faili lako lote. Omba nakala kamili ya faili la utumishi kupitia kituo cha St. Louis, kwa mtandao au kwa fomu ya SF 180. Kwa askari mwenyewe ni bure. Kwenye ombi andika kwamba unataka faili zima, pamoja na amri na mapendekezo ya nishani, maana ukiomba tu DD 214 utatumiwa DD 214 uliyonayo. Kumbukumbu za matibabu ziombe VA, kwa sababu za askari wa nchi kavu waliotoka kati ya Oktoba 1992 na mwisho wa 2013 zilipelekwa huko.

Na hapa majina yako yana kazi. Ulipanga upya majina siku ya kiapo, kwa hiyo karatasi za kabla zinaweza kuwa na jina la babu mahali pa jina la ukoo. Nimeona amri ya nishani ikiwa kwenye faili la mtu mwingine kwa sababu ya majina mawili yaliyobadilishana nafasi. Katika kila ombi andika majina yote uliyowahi kutumia, kwa mpangilio wa zamani na wa sasa, pamoja na namba yako ya hifadhi ya jamii, na ambatisha nakala ya cheti cha uraia kinachoonyesha mabadiliko.

Faili likifika, omba marekebisho ya kiutawala kwa kamandi ya watumishi wa jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky. Nishani ya kampeni ipeleke peke yake na mapema, pamoja na ya mwenendo mwema na tuzo za kikosi kama zipo. Usitegemee DD 214 mpya. Watakupa DD 215, karatasi ya marekebisho inayoambatana na ya zamani. Watu huona ni kama kiraka. Ina nguvu ileile, na ofisi zote zinaitambua. Beji ya mapigano na Purple Heart nazo huanzia Fort Knox, kila moja kwa ombi lake.

Wakikukatalia kwa maandishi, ndipo unapokwenda kwenye bodi kwa fomu ya DD 149. Ukienda moja kwa moja bila kupita Fort Knox, kuna uwezekano mkubwa utarudishwa. Bodi ni ya raia, si wanajeshi, na husoma karatasi. Kuitwa kusikilizwa ana kwa ana ni nadra. Inaanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Si lazima uondoe kila shaka, unatakiwa ushahidi uelemee upande wako. Sheria inaitaka imalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10 na isiruhusu lolote kuzidi miezi 18, kwa hiyo jiandae kusubiri.

Andika kwa kifupi. Usianze na utoto wako wala na jinsi jeshi lilivyokutupa. Andika namna hii: "Naomba kumbukumbu zangu zirekebishwe kuongeza beji ya mapigano. Machi 2010 nilikuwa dereva katika msafara wa kombania yangu ulioshambuliwa kwa bomu la kutegwa. Kiambatisho A ni maelezo ya sajenti aliyekuwa pembeni yangu. Kiambatisho B ni ukurasa wa daftari la matukio." Tafsiri kwa Kiingereza cha kawaida, kila sentensi ya dai ishikane na kiambatisho chake. Mashahidi hawahitaji wakili wala mhuri: tamko lililosainiwa kwa tarehe, likisema ni kweli chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, linakubalika kisheria. Waache waandike kwa maneno yao. Barua tatu zenye sentensi zilezile zinasomeka kama barua moja, tena yako.

Ukishindwa, unaweza kuomba litazamwe upya ukipata ushahidi mpya, na baada ya hapo kuna mahakama ya shirikisho. Kwa mahakama mtafute wakili. Kabla ya hapo nenda ukaonane ana kwa ana na ofisa wa huduma za maveterani wa kaunti yako, au wa vyama kama American Legion, VFW na DAV. Hawatozi kitu kwa kukusaidia na fomu, na baadhi ya vyuo vya sheria vina kliniki za bure za maveterani. Mtu anayekuahidi Purple Heart kwa malipo, mwache.

Makadirio yangu ya kweli: nishani ya kampeni na nyota zake, utapata. Beji, ukiwa na sajenti na shahidi wa pili, una nafasi nzuri. Pongezi inategemea karatasi au kapteni. Purple Heart inategemea karibu yote kile kikaratasi cha tabibu na lile dodoso. Bila hivyo ningekushauri utafute kwanza, usiombe kwanza, maana ombi lililokataliwa huwa zito kuliko ambalo halijapelekwa.

Zile za fremu, nishani ya Iraki si kosa kuwa nayo ukutani, ni yako. Sheria ya 2013 inamwadhibu anayejidai kwa udanganyifu kuwa na nishani fulani, Purple Heart na beji ya mapigano zikiwamo, ili apate fedha au manufaa. Wewe hukufanya hivyo. Usiongeze tu kwenye fremu kitu kisichokuwa bado kwenye karatasi. DD 215 ikitoka, omba seti halisi kupitia St. Louis, jeshi humtumia askari bila malipo.

Kuna jambo moja uliloliandika kwa mstari mmoja ukalipita. Ulizirai kwa mlipuko, na sikuona popote kwamba kichwa chako kimewahi kupimwa tangu utoke. Kama una maumivu ya kichwa yasiyoisha, usahaulifu, hasira zisizo na sababu au usiku usiolalika, usisubiri nishani. Nenda VA uombe uchunguzi wa jeraha la ubongo. Huhitaji beji wala DD 215 kwa hilo. Vituo vya ushauri vya maveterani waliopigana, wanavyoviita Vet Center, hupokea bure. Na ukifika usiku ukaona huwezi kuendelea, piga 988 kisha bonyeza 1, yupo mtu anayejibu saa zote.

Sajenti mpigie wiki hii. Mwombe aandike anachokumbuka cha Machi ile kabla hamjaanza kukizungumza, ili kumbukumbu yake ibaki yake: gari la ngapi, nani aliyefungua mlango wako, tabibu alikushika wapi, ulikaa siku ngapi bila kuendesha. Akishasaini ndipo mzungumze mpaka usiku.